Jua la Oktoba, Betri ya Machi

  Wewe wa Makete unayeota moto jikoni, wewe wa Ludewa kando ya Ziwa Nyasa ambako joto limeshaanza kubana, na wewe wa Mufindi uliyerudi sasa hivi kutoka kuchuma chai, nyote nawasalimu. 

Leo tunazungumzia sola. Nakusudia sola ya nyumbani, ile isiyoungwa na nguzo yoyote: paneli juu ya bati, betri pembeni ya kabati, taa nne, chaja ya simu, redio hii unayonisikilizia, na kwa waliojaliwa, runinga. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, tunashukuru, lakini bado kuna vitongoji na nyumba nyingi zilizo mbali na nguzo hizo, na huko mwenye umeme ni yule aliyeupandisha mwenyewe juu ya paa.

Nimeichagua mada hii mwishoni mwa Oktoba kwa makusudi. Mwezi huu ndio sola zetu zinajivunia. Jua linawaka, mvua bado, na taa ya kijani kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, inawaka kuonyesha betri imejaa hata kabla ya saa nane mchana. Watu wanaangalia runinga hadi saa tano usiku, na asubuhi betri bado ina nguvu. Raha tupu. Na tatizo linazaliwa humohumo ndani ya raha hiyo. Tunajizoesha kutumia umeme mwezi Oktoba, kisha tunataka mwezi Machi utupe umeme uleule. Machi hauwezi. Betri inalala mapema, taa zinafifia, mwisho kila kitu kinazima, na sisi tunasema, "Tumeuziwa betri feki."

Feki zipo, sikatai. Lakini betri nyingi zilizotupwa nyuma ya nyumba zetu zilikuwa betri halali kabisa. Ziliuawa na matumizi ya kiangazi yaliyoendelea katikati ya mvua.

Sasa nikuulize, msikilizaji wangu: msimu unabadilisha nini hasa kwenye sola? Mtu wa London atakujibu haraka, unabadilisha urefu wa mchana. Kwake mchana wa Desemba haufiki hata saa nane, na ule wa Juni unazidi saa kumi na sita. Kwetu sivyo. Hapa Njombe, kati ya mchana mfupi kabisa wa Juni na mrefu kabisa wa Desemba, tofauti ni saa moja na dakika chache tu. Ukienda Mwanza, karibu zaidi na ikweta, tofauti ni kama robo saa. Kwa hiyo msimu wetu hauko kwenye saa ya ukutani. Uko angani: mawingu, ukungu, vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa, na njia ambayo jua lenyewe linapita.

Tuanze na mawingu, maana hayo ndiyo makubwa. Chukua paneli ya wati 100. Mchana kama wa leo itakupa wati 70, labda 80. Wingu zito la mvua likitanda, paneli ileile, juu ya bati lilelile, inaweza kukupa wati 20 au hata 10. Hakuna kilichoharibika hapo. Mwanga wenyewe umepungua, ingawa jicho halikwambii, kwa sababu jicho la binadamu linazoea mwanga hafifu upesi sana. Wewe unaona kumekucha, mchana mweupe. Paneli inaona robo ya mchana, au chini ya hapo.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, mvua zetu hazina mapumziko marefu kama za wenzetu wa Tanga au Moshi. Wao wana vuli, jua likarudi, kisha masika. Sisi mvua ikishaanza Novemba au Desemba inakwenda hadi Aprili, na mwaka mwingine inagusa Mei. Betri yetu inavuka miezi mitano ya mashaka.

Hebu tuitazame betri yenyewe. Betri ni kihenge. Paneli ni shamba, wewe na watoto ndio walaji. Mkulima wa hapa anajua fika kwamba mahindi ya Agosti hayaliwi kwa fujo eti kwa sababu kihenge kimejaa. Anaangalia mbele hadi mavuno mengine. Kwenye mahindi tuna akili hiyo. Kwenye betri hatuna, kwa sababu mahindi yanaonekana yakipungua na umeme hauonekani.

Lakini umeme unaweza kuonekana, nawe unaweza kuusoma. Kontrola nyingi siku hizi zina kioo kidogo kinachoandika volti. Kama yako haina, mwombe fundi akupimie kwa mita. Pima alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, taa zote zikiwa zimezimwa. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ile ya volti 12, ikiwa imejaa na imetulia, itasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2, umekula karibu nusu. Ikiwa chini ya 12, simama hapo. Narudia kwa wanaoandika: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni hatari.

Kwa nini hatari? Kwa sababu betri ya risasi ikikaa na njaa, ndani yake kunaota vifuwele vyeupe vya salfeti juu ya mabamba. Ikichajiwa upesi, vinayeyuka. Ikiachwa hivyo wiki baada ya wiki, kama inavyotokea Februari na Machi, vinakomaa na kugoma kutoka. Kila kilichogoma ni sehemu ya betri iliyokufa. Ndiyo maana jua likirudi Mei, betri inajaa kwa nusu saa na kwisha kwa nusu saa. Mwenyewe anafurahi, "Aa, inajaa haraka siku hizi!" Haijapona, ndugu yangu. Nafasi iliyobaki ndani ni ndogo, ndiyo maana inajaa haraka.

Hapa niseme neno kuhusu betri za gari, maana ndizo zinazouzwa kwa bei rahisi na ndizo zinazofungwa majumbani. Betri ya gari ina mabamba membamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe palepale. Kuiwashia taa na runinga usiku kucha ni kuitesa. Betri ya sola ina mabamba manene, inavumilia kutumika polepole kwa saa nyingi. Hata hivyo, nayo isishushwe chini ya nusu kila siku. Wenye vile visanduku vidogo vya kisasa vyenye betri ya lithiamu wana unafuu: betri hiyo inatumika hadi karibu na mwisho bila kuumia sana, na nyingi hujizima zenyewe. Ila mawingu hayana upendeleo. Paneli isipovuna, lithiamu nayo haina cha kukupa.

Kuna kinyozi mmoja njiani kuelekea sokoni, kijana mwenye mashine mbili, redio na kioo kikubwa. Miezi ya jua anafungua saa mbili asubuhi na kunyoa hadi usiku, taa zikiwaka. Mvua zikishika, hubandika karatasi mlangoni: kazi inaanza saa tano. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Mzee, asubuhi ni ya betri. Ikishiba, ndipo mimi na wateja tunakula." Mvua zetu nyingi hunyesha alasiri, na asubuhi jua hutokeza kwa muda. Kijana huyu anauacha muda wote huo uingie kwenye betri bila kuugusa. Akishaona taa ya kijani, anawasha mashine. Na saa kumi na moja jioni anafunga, hata akiwa na mteja mlangoni. Betri yake ina miaka minne sasa. Wenzake wawili waliofungua naye wameshanunua nyingine.

Umesikia hiyo? Asubuhi ya mvua ni ya betri. Oktoba mambo ni kinyume: betri inajaa mapema, na jua linaloanguka juu ya paneli baada ya hapo linapotea bure. Basi wakati wa kiangazi kazi nzito zifanyike mchana, jua likiwa juu. Chaji simu zote mchana. Chaji zile taa za mkononi mchana. Mwenye pampu ajaze tangi mchana.

Mfano mzuri wa akili hii uko kwenye baadhi ya zahanati zetu. Chanjo za watoto lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, usiku na mchana, mvua na jua. Zamani majokofu ya sola yalitegemea betri, na betri zikifa chanjo zinaharibika. Sasa yapo majokofu yasiyo na betri kabisa ya kuhifadhi ubaridi. Paneli inaendesha jokofu moja kwa moja jua likiwepo, na jokofu linagandisha maji yaliyofungiwa ndani ya kuta zake kuwa barafu. Likiingia wingu la siku mbili au tatu, barafu ile inaendelea kutunza ubaridi. Walioyabuni walijiuliza swali moja: siku mbaya itakuwaje? Nami nataka kila mwenye sola ajiulize hilo kabla ya kununua. Muuzaji atakuonyesha kinachowezekana siku ya jua. Wewe muulize, "Na mwezi Machi?" Ukipata pesa kidogo ya ziada, mara nyingi ni heri uongeze paneli kuliko kuongeza betri, kwa sababu betri ya pili bila mavuno ya kutosha ni kihenge cha pili kitupu.

Sasa tuje kwenye ukungu. Mwenzangu wa Mufindi na wa Njombe mjini, unajua Juni na Julai zetu zilivyo. Mvua imekwisha, lakini asubuhi huoni hata zizi lako. Ukungu unaondoka saa nne, siku nyingine saa sita. Ukiangalia kalenda utasema ni kiangazi, lakini betri haisomi kalenda. Kama ukungu wako ndio tabia ya mahali ulipo kila mwaka, mwambie fundi aielekeze paneli kidogo magharibi, ivune jua la alasiri. Ukungu ukishaondoka, utafaidi jambo ambalo wengi hawalitarajii: paneli inapenda mwanga, joto hailipendi. Jua safi na hewa ya baridi ya Julai, hapo paneli inafanya kazi vizuri kuliko inapokaangwa juu ya bati kule Kyela au Manda, kwenye joto la ziwani. Paneli ikipata moto sana inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Wewe uliyeko ufukweni mwa ziwa, usiibane paneli ikalalia bati. Iinue kiasi cha shubiri moja, upepo upite chini yake.

Na betri vilevile, joto linaifupishia maisha. Usiiweke karibu na jiko. Iweke mahali penye kivuli na hewa, mbali na moto, maana ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Kama ni ya kuongeza maji, hakikisha umenunua chupa ya maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi. Chupa zinafanana, soma vizuri au umwombe anayejua kusoma. Maji ya kisimani yana chumvichumvi zinazoua betri, hayafai.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wengi hawalisemi, nalo ni njia ya jua. Sisi tuko kusini ya ikweta, lakini bado tuko ndani ya eneo ambalo jua linavuka juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Hapa Njombe linapita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Katikati ya tarehe hizo, mchana linakuwa upande wetu wa kusini. Miezi mingine yote linakuwa kaskazini, na Juni linasogea mbali kabisa kaskazini, hata mti wa mita sita unatupa kivuli cha karibu mita nne wakati jua liko juu kuliko saa zote za siku.

Hiyo inakuhusu nini? Inakuhusu kwa sababu ya ule mti wako wa mlingoti uliosimama kusini mwa nyumba. Fundi alikuja Septemba, akatazama, hakuna kivuli juu ya paneli, akafunga, akalipwa, akaondoka. Desemba kivuli cha mti wa upande wa kusini kikaanza kuilamba paneli, na ni Desemba hiyohiyo mvua zinapopamba moto. Usidhani kivuli kidogo ni hasara ndogo. Vile vipande vya rangi ya bluu au nyeusi unavyoviona kwenye paneli vimeungwa kwa mfuatano, na kimoja kikifunikwa kinawazuilia wenzake. Tawi moja, au hata jani pana la mgomba, linaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima.

Kwa hiyo paneli za huku kwetu zielekezwe kaskazini, lakini ziinamishwe kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15. Zikiinamishwa sana, zinaligeuzia jua mgongo mwezi Desemba. Zikilazwa kabisa, vumbi na maji ya mvua vinatuama juu yake. Mwinamo mdogo unatosha mvua kuziosha yenyewe. Leo hii, kabla ya mvua, nyingi zimevaa koti la vumbi na masizi ya moto wa mashambani. Zifute asubuhi na mapema kioo kikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala waya wa kusugulia sufuria, utakwaruza kioo.

Radi nayo isisahaulike. Ikianza kuunguruma kwa mbali, kabla haijakaribia, chomoa waya wa paneli kwenye kontrola. Kwanza paneli, kisha betri ikibidi. Na wakati wa kurudisha, betri kwanza, paneli baadaye. Ukikosea mpangilio huo, kontrola inaweza kuungua. Na usipande kwenye bati wakati wa ngurumo. Paneli inanunulika tena, wewe hununuliki.

Nimebakiza jambo linalonikera, na nitalisema kwa upole lakini kwa uwazi. Wengi wetu tumepata sola kwa mkopo, tunalipa kidogokidogo kwa simu. Ni utaratibu uliotusaidia sana tangu ulipoanza kuenea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2012 hivi kwa msaada wa pesa za mtandao wa simu. Umeondoa vibatari kwenye nyumba ambazo zisingeweza kamwe kulipa fedha zote kwa mkupuo. Sasa tazama kalenda ya mkulima. Mahindi yanavunwa katikati ya mwaka, na pesa ipo Julai na Agosti. Machi gunia limekwisha, mazao yako shambani bado mabichi, mfuko mtupu. Machi hiyohiyo sola nayo inatoa mwanga kidogo. Kwa hiyo mkulima anadaiwa kiwango kilekile, kwa mwanga pungufu, katika mwezi asio na pesa. Akishindwa, mtambo unafungwa, na mtoto anarudi kwenye kibatari.

Mimi naona hili linarekebishika. Wanaouza sola kwa mkopo wanajua wateja wao ni wakulima. Waweke malipo makubwa wakati wa mavuno na madogo wakati wa mvua. Jumla ibaki ileile, fedha zao zitarudi zote. Na viongozi wa vijiji, haya ni mambo ya kuzungumzwa wauzaji wanapokuja kujitambulisha ofisini kwenu, kabla mwananchi hajabonyeza kidole kwenye simu.

Mwisho, nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne. Mitihani inaanza Novemba, na mvua nazo zinaanza. Kubalianeni leo kama familia: runinga ipumzike mapema, taa ya mezani ya mtoto iwe ya mwisho kuzimwa. Taa ya wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 20. Runinga ndogo ya wati 30 kwa saa hizohizo ni 120. Runinga moja inakula masomo ya usiku sita.

Nina kazi moja ninayowapa wiki hii. Kesho alfajiri, kabla ya jua, soma volti za betri yako. Andika namba hiyo kwa chaki au kalamu ukutani, juu ya kontrola, pamoja na tarehe. Fanya hivyo kila Jumatatu hadi mwisho wa Machi. Wiki itakayosoma chini ya 12.2, zima runinga siku mbili, acha betri ijae, kisha endelea. Na kesho hiyohiyo mchana tazama upande wa kusini wa nyumba, tawi linalokaribia paneli lipunguzwe mapema, kabla mvua hazijalainisha ardhi na kufanya kupanda kuwe kwa hatari. Namba zenu nitumieni hapa studio kila mwisho wa mwezi, mkitaja kata yenu, nami nitazisoma hewani tulinganishe Makete na Ludewa, Mufindi na Njombe.